Boti inapanda joto ndani ya Mkanda tu, bahari wazi iko sawa. Nini hii?

#1 TeziNaOmo
Wakuu heshima kwenu. Swali ni la mashine na la njia kwa pamoja.

Boti ya futi 36 ya kutembeza wageni, dizeli moja ya silinda 6, farasi 220, shafti iliyonyooka, inazama mita 0.95. Njia ni Lamu, Mkanda (ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara), Mtangawanda, Faza, na mara mojamoja Kiwayu. Nje ya Manda kwenye bahari wazi inakwenda raundi 2,200 kwa dakika saa nzima, geji ya joto iko nyuzi 82, haitikisiki. Ikiingia Mkanda kwa raundi 1,500, dakika ya kumi na mbili hivi geji inasoma 90, kisha 93. Siku moja ilifika 97 na kengele ikalia. Ikishatokea upande wa pili, dakika tano tu inashuka yenyewe hadi 82.

Kilichokwisha kufanywa: impela mpya (gurudumu la mpira ndani ya pampu ya maji ya bahari), chujio linasafishwa kila asubuhi, themostati imechemshwa kwenye sufuria ikafunguka sawasawa, kulanti (maji ya ndani ya kupozea mashine) imejaa. Kazi ndogo, joto kubwa. Hesabu hii inakaaje?

#2 Bamvua15
Nyasi kwenye chujio. Uzi ufungwe.

#3 MwanaAmu
#2 soma kwanza, amesema chujio ni safi. Lakini shina la jawabu ni hilo hilo. Ndia ile chini ni matopo na nyasi. Panga (propela) linakoroga, bomba linakunywa kilichokorogwa. Pita mayi yamejaa uone.

#4 FundiDizeli
Chujio safi asubuhi haithibitishi kitu, kwa sababu kizuizi kinaweza kuwa nje ya boti. Chini ya tumbo la boti, pale maji yanapoingilia, pana wavu wa shaba. Mfuko wa plastiki au jani pana la mkoko hunyonywa likajibandika pale. Pampu inavuta, jani linabana. Ukizima mashine kwenda kuangalia, mvuto unakwisha na jani linaanguka lenyewe. Unafungua chujio: safi. Unafungua impela: nzima. Unarudi gatini unalaumu themostati.

Jaribio la haraka likianza kupanda: toa gia, subiri sekunde kumi, piga nyuma kidogo sekunde tatu nne, kisha endelea. Joto likishuka baada ya hapo, mshitakiwa umempata.

Jaribio la uhakika ni kufunga geji ya vakyumu (kipima mvuto wa pampu) kwenye hosi kati ya valvu ya chini na pampu. Tii moja, kipande cha hosi, klipu mbili kila mdomo. Njia ikiwa wazi, sindano hukaa chini kabisa, inchi 1 au 2 za zebaki. Ikipanda kuelekea 8 au 10, kuna kitu kinaziba kabla ya pampu. Ikibaki chini huku joto linapanda, acha kutafuta chini, tafuta mbele ya pampu.

#5 TeziNaOmo
#4 asante fundi. Kupiga nyuma halijajaribiwa. Geji itatafutwa.

#6 KinaKifupi
Kabla ya kufungua mpira wowote, tazama kina. Chombo kikienda husukuma wimbi, na kwenye maji mafupi wimbi hilo lina mwendo wake wa mwisho: kipeuo cha pili cha 9.8 mara kina kwa mita, jibu ni mita kwa sekunde, lizidishe karibu mara 2 upate noti (maili za bahari kwa saa). Kina cha mita 10 linakwenda noti 19 hivi. Kina cha mita 2 ni noti 8.6. Kina cha mita 1.5 ni noti 7.5. Boti ikikaribia mwendo huo inakuwa inapanda mlima wa maji iliyoutengeneza yenyewe. Tezi (nyuma ya boti) inazama, omo (mbele) inanyanyuka, mashine inabeba mzigo ambao nje haupo. Na haianzi kwenye 8.6 kamili, ukifika asilimia 70 tu unaanza kulipa.

Sasa futi 36 kwa raundi 1,500 ni noti ngapi? Nakisia 7 na kitu. Ndani ya Mkanda maji yakiwa nusu, uko palepale pabaya. Shusha hadi noti 5 uone.

Dalili: angalia wimbi la nyuma. Likiwa limesimama wima karibu na tezi, linavunjika kandokando na kufuatwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, basi unakokota chini.

#7 ShahamuNaChokaa
Loo. Mtu kauliza habari ya joto, kaletewa fizikia ya kidato cha sita 😂 Mkanda umekuwa Suez.

#8 KinaKifupi
#7 cheka, lakini mambo ni yale yale. Meli ya Ever Given ilipokwama Suez Machi 2021, mita 400 za chuma kwa siku sita, upepo ulisemwa sana, ila walioeleza walitaja pia kasi na jinsi ukingo unavyovuta tezi chombo kikiukaribia. Mfereji mwembamba hauna huruma kwa mwenye haraka. Tofauti ni kwamba Suez ina rubani, Mkanda una kasa na wavuvi wa kaa.

#9 FundiDizeli
#6 nadharia nzuri, ila naidai hesabu. Pampu ya maji ya bahari inazungushwa na mashine. Raundi 1,500 inatoa kama asilimia 68 ya maji inayotoa kwenye 2,200. Nguvu inayotakiwa na panga hushuka kwa kubu: 1,500 gawa 2,200 ni 0.68, ukiipandisha mara tatu unapata 0.32. Yaani maji asilimia 68, moto asilimia 32. Ili joto lipite la bahari wazi, mzigo uliopo kwenye raundi zile zile lazima uzidi mara mbili. Maji mafupi yanaweza kuongeza mzigo mara mbili kweli? Na kama yanaongeza, eksozi ingetoa moshi mweusi.

TeziNaOmo, kuna moshi?

#10 TeziNaOmo
Upo kidogo. Mweusi mwepesi, na masizi kwenye ubao wa nyuma upande wa eksozi. Nje hakuna.

#11 KinaKifupi
Shahidi kajileta mwenyewe. Gavana ya dizeli inaongeza mafuta ili raundi zisishuke, mkono wako haujagusa kitu, unadhani ni mwendo ule ule.

#12 Spana17
Taratibu #11. Masizi yana sababu zaidi ya moja. Tezi ikizama, mdomo wa eksozi nao unazama. Mashine inayopumua chini ya maji inasukuma gesi kwa shida, hewa safi inapungua ndani, moshi unatoka na joto linapanda. Kama kiwiko cha eksozi, pale maji yanapochanganyika na moshi, kimeshika kutu na chumvi nusu, hapo ndipo kinaumbuka. Kifungue. Tundu la maji likiwa limebaki kama la penseli, usilikwangue, badilisha. Kiwiko cha chuma cha kusubu kwenye maji yetu ni kitu cha miaka michache tu.

#13 Kilindoni_Pwani
Mafia huku maji ya Rufiji yakishuka baada ya masika yanakuwa uji. Udongo hauzibi chujio, unapita, unakwenda kutulia ndani ya mirija ya kipoza, pale maji ya bahari yanapopoza kulanti. Halafu unakula impela na bamba lake (kifuniko cha pampu): impela ni mpya lakini bamba la pampu lina mifereji, maji yanarudi nyuma ndani ya pampu yenyewe. Kwenye raundi kubwa haionekani. Kwenye raundi ndogo ndipo inadhihirika. Pitisha ukucha juu ya bamba. Ukucha ukikwama, ligeuze upande wa pili kama ni la kugeuzika, au weka jipya.

Halafu jua. Maji ya kina cha kiuno juu ya tope jeusi mchana yanachemka. Mashine inapozwa na supu.

#14 BaharMuscat
Salaam kutoka Maskati. Habari ya supu naikataa. Ghuba mwezi wa nane maji yanafika nyuzi 33 hadi 35, na boti za dizeli zinakwenda mchana kutwa bila kulia kengele. Kama kipoza ni kizima, maji ya joto hayakuui.

#15 Spana17
#14 yuko sawa, na hesabu iko wazi. Mashine nyuzi 82, bahari 28, tofauti 54. Maji ya Mkanda yakiwa 32, tofauti 50. Umepoteza asilimia 7 tu ya uwezo wa kupoza. Haikufikishi 97. Ila kama kipoza kilishapoteza theluthi ya mirija, ile 7 ndiyo inayomwaga kikombe.

#16 Kilindoni_Pwani
Nakubali robo. Ile robo tatu nabaki nayo 😄

#17 GugumajiKsm
Wa ziwani naomba kuingia. Ghuba ya Winam hatuna kupwa wala kujaa, ila gugumaji linafanya kazi hiyo hiyo. Mizizi yake ni kama nywele, inapita kwenye tundu la chujio kipandekipande halafu inajisuka upya mbele. Mahali inapopenda kujisuka ni kwenye kipoza cha mafuta ya gia. Mashine nyingi maji ya bahari, au ya ziwa, yanapita kwenye kipoza cha gia KABLA ya kipoza kikubwa, na mirija ya mle ni myembamba. Ni chujio la pili ambalo hakuna anayelijua mpaka gia iungue. Klipu mbili, toa hosi ya upande wa kuingilia, piga tochi. Ukiona zulia, umepata.

#18 FundiDizeli
#17 heshima. Hilo lilinipita nilipoandika #4. TeziNaOmo, fuata hili kabla ya kununua chochote. Vipande vya impela ya zamani navyo hukaa hapo hapo. Ulipobadilisha impela, mabawa ya ile ya zamani yalihesabiwa? Kama lilikosekana bawa moja, limo njiani mpaka leo.

#19 TeziNaOmo
Yalikosekana mawili. Moja lilipatikana ndani ya pampu.

#20 ShahamuNaChokaa
Bawa la pili lina miliki yake ndani ya boti na halilipi kodi.

#21 Bamvua15
Mimi nabaki na nyasi. Na ushauri wa bure: pita bamvua (siku za maji makubwa), maji yakijaa saa sita mchana, utakuwa na kina cha kutosha na jua la kuona chini.

#22 MwanaAmu
#21 jina lako Bamvua halafu hujui bamvua? Mwambao huu wote, siku za bamvua maji hujaa saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na alasiri. Saa nne, saa tano mchana ndiyo kupwa kwenyewe. Ukiingia Mkanda bamvua saa sita huenda ukashuka usukume. Maji mafu ndiyo hujaa saa nne hivi, mchana na usiku, lakini hayajai sana na hayapwi sana. Na kilele cha bamvua si usiku wa mwezi wenyewe, ni siku moja au mbili baada yake.

#23 Bamvua15
#22 nimesahihishwa. Jina nililikuta.

#24 KinaKifupi
Na maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti ya kupwa na kujaa mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza linapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3, saa ya tatu na ya nne kila moja inakupa sentimita 75. Kwa hiyo ingia saa mbili kabla ya kujaa: maji yako juu tayari, na bado yanapanda. Ukigusa fungu la mchanga, yatakunyanyua. Ukiingia yanapopwa ukagusa, umepwelewa, na wageni wako watakula chakula cha mchana wakihesabu kaa.

#25 RasKitau
Nauliza tu, kwani lazima Mkanda? Zunguka nje ya Manda.

#26 MwanaAmu
#25 kaskazi sawa. Kusi la mwezi wa sita, wa saba, ukitoka Shela unapokewa na wimbi la bahari kuu, na kando yako miamba inavunja meupe. Wageni wa futi 36 watatapika kabla ya Manda Toto. Watu hawapiti Mkanda kwa ajili ya mikoko peke yake. Wanapita kwa sababu ni uchochoro wa kujificha kusi.

Na hapohapo naomba kusema: boti za wageni zipunguze mwendo. Wimbi lenu linajaza maji madau yaliyofungwa na kuchimba mizizi ya mikoko. #6 kasema noti 5 kwa ajili ya mashine. Mimi nasema noti 5 kwa ajili ya watu.

#27 RasKitau
Wengine wanasema bora uinuke upite juu juu, noti 15, wimbi linakuwa dogo na mzigo unapungua.

#28 KinaKifupi
#27 kweli kwa boti nyepesi ya auti-bodi, ikishavuka ule mlima mzigo unapungua. Kwa tani sita na shafti, na panga liko chini kuliko tumbo la boti, ukigusa fungu kwa noti 15 unang'oa shafti, braketi na siku yako yote. Na mtu wa dau hataona wimbi dogo, ataona wewe unakuja.

#29 Spana17
Turudi kwenye mashine. Hakuna aliyeuliza kama geji yenyewe inasema kweli. Nunua bunduki ya kupima joto kwa mwanga, bei yake ni ndogo kuliko themostati mbili. Paka alama ya rangi nyeusi isiyong'aa mahali pa kupimia, maana shaba tupu inayong'aa inadanganya bunduki. Pima sehemu tano: nyumba ya themostati, kulanti inapoingia kipoza, inapotoka, maji ya bahari yanapoingia, yanapotoka.

Nyumba ya themostati ikisoma 82 na geji 95, tatizo ni waya wa athi (unaorudisha umeme) au sensa. Ndani ya Mkanda kuna nini kimewashwa ambacho nje hakiwashwi? Feni za wageni? Friji? Waya mbovu wa athi unasogeza sindano bila nyuzi hata moja kuongezeka.

Maji ya bahari yakitoka yamepanda nyuzi 25 na zaidi, yanapita machache mno: ziba iko upande wao. Yakitoka yamepanda kidogo tu huku kulanti inachemka, maji yapo lakini hayabebi joto: mirija ina ukoko. Hapo ni kufungua vifuniko vya mwisho, kuweka gasketi mpya, na kusukuma kijiti cha mbao katika kila mrija, si waya wa chuma. Angalia na zinki ndani (kipande kinachowekwa kiliwe na kutu badala ya kipoza). Ikiisha, vipande vyake navyo huziba mirija.

Kifuniko cha kulanti pia. Mpira wake ukichoka hakishiki mgandamizo na kulanti inachemka mapema. Usikifungue mashine ikiwa moto, hata ukiharakishwa na wageni.

#30 TeziNaOmo
Ripoti, wakuu. Geji ya vakyumu imefungwa, bunduki imenunuliwa.

Safari ya kwanza, bamvua, saa tisa alasiri, maji yanajaa. Raundi 1,500, geji 83 mwanzo mpaka mwisho, vakyumu 2. Moshi hakuna.

Safari ya pili, maji mafu, saa tatu asubuhi. Raundi 1,500: geji 91, bunduki 89, kwa hiyo geji haidanganyi sana. Vakyumu ikapanda toka 2 hadi 4, ikakaa hapo. Kupiga nyuma hakukubadilisha. Moshi upo. Nikashusha hadi noti 5: dakika nane, 84. Vakyumu ikashuka hadi 3. Maji ya bahari yanatoka yamepanda nyuzi 17.

Feni na friji viliwashwa safari zote mbili.

#31 KinaKifupi
Kina kirefu hakuna joto wala moshi. Kina kifupi vipo. Mwendo ukishuka vinakwisha. Mnataka niandike kwa wino gani?

#32 FundiDizeli
Wino wa penseli. Mashine yoyote ya moto ukiipunguza mwendo inapoa, hiyo haithibitishi kina. Na vakyumu imepanda mara mbili kwenye raundi zile zile. Kina kifupi hakivuti sindano ya vakyumu. Kitu kinachovuta ni nyasi laini zinazojaa wavuni pole pole. Kupiga nyuma hakukusaidia kwa sababu si jani moja, ni zulia.

#33 Kilindoni_Pwani
4 ni ndogo. Wewe mwenyewe #4 ulisema 8 au 10.

#34 FundiDizeli
Nilisema ikipanda kuelekea huko. 4 iko njiani 😅

#35 Spana17
17 ni nyingi kidogo kwa raundi 1,500, si nyingi ya kutisha. Mimi naona mawili kwa pamoja: uwezo umepungua mahali, bawa la impela ndilo naloshuku, na Mkanda unaongeza mzigo juu yake. Moja peke yake lisingelia kengele.

#36 BaharMuscat
Na kama ni hewa? Kifuniko cha chujio oringi (pete ya mpira) yake ikikauka, tezi ikizama na omo ikipanda, chujio linaweza kubaki juu ya usawa wa maji, pampu ikanyonya hewa kidogo kidogo. Tazama kifuniko chenye kioo mashine ikienda: mapovu?

#37 TeziNaOmo
#36 chujio ni la shaba tupu, halina kioo. Oringi itapakwa grisi ya silikoni na kukazwa.

Ijumaa bamvua tena, maji yanapwa saa nne unusu asubuhi. Boti itapwelezwa mchangani Ijumaa alfajiri maji yakiwa juu, asubuhi inakaa kavu kwa muda wa saa tatu hivi. Wavu wa chini, hosi ya kipoza cha gia, kiwiko, vyote vitafunguliwa kwa pamoja na kupigwa picha.

#38 FundiDizeli
Usifungue vyote siku moja! Ukisafisha vitatu na joto likaisha, hatutajua kilikuwa kipi.

#39 TeziNaOmo
Fundi, wewe unataka kujua. Mimi Jumamosi nina wageni kumi na wawili wa Faza.

#40 MwanaAmu
Ijumaa nitapita hapo na kahawa. Tochi mwalete nyinyi.